Kufika Buha na Masikio Mazima

Wanazuoni wa Kiarabu husema kuwa safari imeitwa safari kwa sababu hufunua: shina lile lile lizaalo neno la kusafiri ndilo lizaalo neno la mwanamke kuvua utaji usoni. Ati mtu humjui hata usafiri naye. Maneno haya ni mazuri, na washairi wetu wameyazungusha kwa namna nyingi. Ila naona wengi wao huandika juu ya kuagana na juu ya kuwasili, na lile la katikati huliruka. Hakuna atungaye beti juu ya kiuno kilichokufa ganzi, wala juu ya tumbo lililokasirishwa na mayai ya stendi, wala juu ya mtu aliyeketi kutwa nzima upande wa jua kwa kuwa hakuna aliyemwambia basi linaelekea wapi. Nami naamini kuwa hilo la katikati ndilo liamualo msafiri atafika akiwa nani.

Kazi yangu ni ya masikio. Mfasiri wa nyimbo akifika amechoka hata hasikii, basi hajafika. Kiwiliwili chake kimeletwa tu, kama gunia. Mara tatu nimetoka Unguja kwenda Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma: mwaka 2004, mwaka 2013 na mwaka 2024. Huko ndiko Buha, nchi ya Waha, ambao lugha yao ina ujirani mkubwa na Kirundi hata Muha na Mrundi husikilizana bila ya mkalimani. Sikwenda kutembea. Rafiki yangu mmoja, mwalimu aliyepata kufundisha huku visiwani kabla ya kustaafu na kurudi kwao, alinihadithia kuwa shangazi yake wa Kibondo anazihifadhi nyimbo za wake wa manamba, na kwamba hakuna mwingine katika ukoo anayezijua zote. Shangazi huyo wakati ule alikuwa ameshapita miaka sabini. Nikaona nikichelewa nitakwenda kufasiri kaburi.

Huenda vijana wasilijue tena neno hili manamba. Limetokana na namba za Kiingereza, na waliitwa hivyo vibarua walioandikwa kwa mkataba kwenda kukata mkonge. Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Mwaka 1964 mavuno yalifikia kiasi cha tani 230,000. Mashamba yalikuwa Tanga, Morogoro na Lindi, lakini mikono mingi ilitoka mbali, na Buha ilikuwa moja ya visima vya mikono hiyo. Serikali ya kikoloni ilidai kodi ya fedha taslimu katika nchi ambayo fedha haikuwa ikipatikana kwa urahisi, na mwanamume asiye na fedha alitazamiwa aende kuzitafuta zilipo. Tangu mwaka 1944 waajiri wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuwaandika watu, SILABU, na Waha walishuka kwa maelfu. Mume wa huyu bibi alishuka mara mbili katika miaka ya 1950. Alitembea kwa miguu kutoka Kibondo hadi Kasulu, zaidi ya kilomita 100 za vilima, kisha kutoka Kasulu hadi kwenye reli ya Kigoma, kisha treni, kisha lori. Maana Reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa bado hazijaunganishwa, na kipande cha Ruvu hadi Mnyusi hakikukamilika ila mwaka 1963.

Sasa wimbo wenyewe. Ni wimbo wa mke anayemfungia mumewe mzigo. Anavitaja vitu kimoja kimoja anapovitia: fimbo, kibuyu cha maji, unga wa muhogo, chumvi iliyofungwa katika jani la mgomba. Kisha kuna kitu cha tano. Hicho cha tano ndicho kilichonirudisha Kibondo.

Wimbo huu una sharti. Hauimbwi ila kwa mtu anayeondoka, siku anayoondoka. Nilipomwomba Shangazi aniimbie, aliniambia: “Mwanangu, wewe ndiyo kwanza umekuja. Nitakufungia mzigo gani?” Basi nikangoja siku nane, nikiandika nyimbo nyingine za kulima na za kubembeleza watoto, na alfajiri ya tisa, begi langu likiwa mlangoni, akaimba. Ilikuwa mwezi wa Machi mwaka 2004. Mvua ikaja juu ya mabati kwa kishindo ambacho anayekaa chini ya makuti hakijui. Kanda yangu ilinasa vitu vinne na baada yake mvua tupu. Sauti ya bibi imo ndani yake kama mtu anayeita kutoka ng’ambo ya mto. Nilikaa nayo Unguja miaka tisa.

Kwa hiyo nikisema kwamba safari ya Buha yahitaji maarifa, sisemi hivyo kwa ajili ya raha. Nasema kwa kuwa mambo muhimu huko hutokea siku ya kuondoka, na mtu aliyekwisha kuchoka siku hiyo huwa hayuko tena. Moyo wake umeshatangulia stendi.

Njia ilikuwaje mwaka 2004? Wenzetu waliozaliwa na lami hawatasadiki. Basi liliondoka Ubungo alfajiri. Sheria ya wakati ule ilikataza mabasi kusafiri usiku kucha, na katazo hilo halikuondolewa hadi mwaka 2023. Hivyo tulilala Kahama, wengine katika nyumba za wageni, wengine ndani ya basi wakiwa wameegemeana kama vitabu katika kabati bovu. Siku ya pili tukafika Nyakanazi, na hapo barabara nzuri ikatuaga. Kutoka Nyakanazi kuteremka Kakonko na Kibondo hadi Kasulu palikuwa na udongo mwekundu, ambao kiangazi ni vumbi na masika ni sabuni. Askari wenye bunduki walipanda kutusindikiza, kwa sababu misitu ile ilikuwa na majambazi walioteka mabasi. Abiria mmoja, mama wa makamo, alinifundisha jambo ambalo nimelishika hadi leo: fedha usiziweke mahali pamoja, na usizifiche zote, weka kidogo mfukoni, ili anayekupekua apate cha kumridhisha. Majambazi wale siku hizi hawasikiki kama zamani, lakini mafunzo ya mama yule yanafaa hata sokoni.

Mwaka 2024 nilipanda meli asubuhi, nikalala Dar es Salaam, na siku ya pili nikachukua treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka huo huo, kisha basi. Stendi ya Ubungo niliyoijua ilikuwa imeshahamishwa. Tangu mwaka 2021 mabasi ya bara huondoka Mbezi, katika kituo kilichopewa jina la Magufuli. Ile njia ya udongo kati ya Kasulu na Kibondo nimeikuta sehemu kubwa ina lami. Nilifika nikiwa na nguvu za kumwamkia kila mtu. Wengine hupendelea kupita Tabora na Uvinza, na wengine bado huipenda treni ya zamani ya Kigoma, kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam, ambayo huenda polepole lakini mtu aweza kusimama, kutembea na kulala amenyooka. Kwa mwenye mgongo mbovu na siku za kutosha, treni ile ina hekima yake. Mimi naichagua ninapokuwa na kazi ya kusoma.

Kulala Dar es Salaam nimetaja kwa makusudi. Misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilikuwa na ada kwamba kambi ya kwanza iwe karibu, hatua chache tu kutoka ilipoanzia. Siku hiyo ya kwanza ilikuwa ya kukumbuka: nani amesahau sufuria, nani mzigo wake umefungwa vibaya, nani ameanza kujuta. Kilichosahauliwa kilirudiwa. Watu wa visiwani tunayo kambi ya kwanza tuliyopewa na bahari, na wengi wetu twaipuuza; twashuka bandarini na kukimbilia stendi, na jasho la meli halijatukauka. Lala. Nunua ulichosahau. Aliyezoea kuugua bahari, hususan miezi ya kusi, apande akiwa na kitu kikavu tumboni, akae chini nyuma ya meli ambapo mrusho ni mdogo, na macho yake ayaweke mbali kwenye upeo, si kwenye simu. Tangawizi nayo husaidia. Na tangawizi nyingine inayouzwa hapa pwani, kwa taarifa ya msomaji, imetoka huko huko ninakokwenda: wakulima wa Kasulu na Buhigwe huilima kwa wingi.

Misafara ile ilikuwa na ada nyingine: kuondoka alfajiri na kupiga kambi jua lisijakuwa kali. Abiria wa basi hana amri hiyo, lakini ana amri ya kiti. Anayekata tiketi mapema huchagua. Anayechelewa hupewa kilichobaki, nacho aghalabu ni cha juu ya magurudumu ya nyuma, ambapo kila shimo huandikwa katika uti wa mgongo. Kaa katikati, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Tena piga hesabu ya jua. Basi linalotoka pwani huelekea magharibi. Miezi ya Juni hadi Agosti jua huwa kaskazini yetu, basi upande wa kulia ndio unaoungua. Disemba jua limehamia kusini, na upande wa kushoto ndio wa adhabu. Ukishapinda Nyakanazi kuteremkia Kibondo, jua la alasiri liko kulia. Wapiga debe hawatakwambia haya. Wao kwao viti vyote ni vizuri na basi lote linaondoka sasa hivi.

Kuhusu saa, nina neno moja. Tiketi huandikwa kwa hesabu ya Kizungu na kondakta husema kwa hesabu yetu. Uliza mara mbili, na uulize kwa kutaja sehemu ya siku: alfajiri, asubuhi, usiku. Nimemwona mtu mzima na familia yake wakifika stendi jioni kwa basi lililoondoka asubuhi, na kila upande ulikuwa na haki yake.

Mzigo uwe mdogo kuliko unavyodhani. Buha si jangwa. Sabuni ipo, dawa ya meno ipo, maduka ya dawa yapo Kasulu na Kibondo. Lakini kuna vitu viwili ambavyo mtu wa pwani huvidharau. Cha kwanza ni sweta. Sisi twadhani bara lote ni joto la Dodoma. Kasulu iko juu milimani, na alfajiri ya Juni au Julai kule mtu hutoa moshi kinywani. Mwaka 2013 nilimwona kijana wa Kizanzibari, mfanyabiashara wa nguo, amejifunga vitenge vitatu vya dukani mwake mwenyewe. Cha pili ni kanga, au kikoi kwa sisi wanaume: ni shuka, ni taulo, ni pazia la dirisha, ni mto wa kichwa, ni kinga ya vumbi, na mwisho wa safari ni zawadi. Sijapata kuona begi lililotengenezwa na mzungu yeyote lenye akili kama ya kanga.

Chakula si tatizo, isipokuwa kwa mwenye kiburi cha ulimi. Ugali wa muhogo, maharage, migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika, mboga zilizoungwa kwa mawese. Anayeonja mawese mara ya kwanza aanze kwa kiasi. Tumbo la nazi halijui lugha hiyo na lahitaji siku mbili za kujifunza. Njiani mimi hula kidogo, kitu nilichokiona kikitoka motoni, na maji nanywa kwa kugawa, funda baada ya funda. Wanaojinyima maji ili wasisumbue dereva hufika na kichwa kinachouma, na kichwa kinachouma hakitafsiri.

Wahenga wetu walisema msafiri kafiri. Waliodhani ni ruhusa ya kufanya wapendavyo walisikia vibaya. Dini yenyewe imempunguzia msafiri rakaa na kumruhusu kufungua saumu, yaani imekiri kuwa safari ni taabu na taabu ina hukumu zake. Nalipenda sana jambo hili. Anayejiwekea safarini ratiba ya nyumbani ndiye anayegombana na kila mtu kabla ya Morogoro.

Nije kwenye karatasi, ambalo kwa Buha ni jambo zito kuliko yote.

Waha wana sifa ya kale katika kuwauliza wapita njia. Wasafiri wa karne ya 19 walilalamika juu ya hongo ya Uha. Neno hili leo limeoza, lakini zamani hongo ilikuwa ushuru halali aliotoza mwenye nchi kwa anayepita na bidhaa zake. Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alitozwa nguo nyingi na watawala wa Uha hata akaamua kuupita sehemu iliyobaki kwa kuviziavizia, usiku, msafara mzima ukinyatia porini kama wezi hadi ulipovuka. Yeye aliandika kwa hasira. Mimi nikisoma namcheka kidogo, maana aliyekuwa hana ruhusa ni yeye. Watu wetu wa pwani walioiandika safari ya bara kwa Kiswahili, kama Sleman bin Mwenye Chande ambaye habari zake zilichapishwa na Velten mwaka 1901, waliyaelewa mambo ya kutoa na kupokea vizuri zaidi, kwa kuwa walikuwa wafanyabiashara.

Leo hongo ya mwenye nchi haipo, kuna vizuizi. Nchi hii inapakana na Burundi, na imepokea waliokimbia kwa vizazi kadhaa: mwaka 1972, mwaka 1993, na Wakongo ambao Nyarugusu, katika Wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1996. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Miaka mitatu baadaye Burundi ikachafuka tena, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya. Mei ya mwaka 2015 Liemba, ile meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa ikienda na kurudi kati ya Kagunga na Kigoma imejaa watu waliokimbia na kipindupindu kikiwa miongoni mwao. Ninapoandika juu ya kiti kizuri na sweta, nayakumbuka hayo. Kuna wanaosafiri njia hizi hizi bila ya kuulizwa wanapenda upande gani wa jua.

Basi msafiri awe na kitambulisho, mkononi, si ndani ya begi lililo katika buti. Mgeni asidhani ataingia kambini kwa udadisi. Kwahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na kibali hutafutwa kabla ya kuondoka nyumbani. Lakini kuna jambo jingine ambalo kitambulisho changu cha Unguja hakikunifundisha hata nilipoliona kwa macho. Mwaka 2013, tukitoka Kasulu kwenda Kibondo, basi lilisimamishwa. Mimi, mwenye lafudhi ya kisiwani na kofia kichwani, mgeni mtupu katika nchi ile, niliangaliwa karatasi yangu na kurudishiwa kwa heshima. Pembeni yangu alikaa mwanamke Muha, mzaliwa wa kijiji tulichokuwa tumekipita nusu saa nyuma, amebeba mtoto. Yeye aliulizwa jina la mwenyekiti wa kijiji, jina la mwalimu mkuu, jina la mto. Alisema Kiha, na Kiha chake kilifanana mno na Kirundi; hiyo ndiyo ilikuwa kesi. Alijibu yote, taratibu, akimtikisa mtoto. Aliporuhusiwa kukaa, alikitoa kifuani kitambaa, ndani yake mna kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya kupigia kura na stakabadhi ya mchango wa shule, akavikunja upya kwa mpango, akavirudisha.

Sikumwambia kitu. Nilimpa chungwa, naye akaligawa mara mbili.

Wiki iliyofuata, siku yangu ya kuondoka, Shangazi aliimba kwa mara ya pili. Nilikuwa nimejiandaa: tiketi nimeikata siku mbili kabla, begi nimelipeleka stendi usiku wake kwa kijana wa bodaboda ninayemwamini, ili asubuhi ile nisiwe na la kufanya ila kusikiliza. Hakukuwa na mvua. Ilikuwa Agosti, vumbi limelala kwa umande. Fimbo, kibuyu, unga, chumvi. Na cha tano kilikuwa karatasi. Neno lenyewe, la Kiswahili, limevishwa kiambishi cha Kiha. Miaka tisa nilikuwa nikilitafuta katika maneno ya Kiha na ya Kirundi, kumbe lilikuwa limetoka kwetu, likapanda milima, likaingia katika wimbo wa mke.

Nikamuuliza ni karatasi gani. Akanishangaa. Ya kodi, akasema. Mwanamume aliyeonekana njiani bila ya stakabadhi ya kodi aliweza kushikwa, na mwaka mzima wa mkonge ukapotea kabla ya kuanza. Mke aliifunga ndani ya kitambaa na kuishonea kifuani mwa shati, kwa uzi. Ndiyo maana, akasema, huwa ya mwisho: vitu vingine vyote vimo mzigoni, huwekwa vyovyote, lakini hiyo hushonwa mtu akiwa ameshavaa, amesimama, na mke yuko karibu naye hata anaisikia pumzi yake. Katika ubeti huo sauti hushuka. Katika kanda ya mwaka 2004 nilidhani ni mvua iliyoifunika.

Kufasiri ubeti huo kumenichukua muda mrefu kuliko nyimbo nyingine zote. Neno karatasi kwa Kiswahili ni kavu. Halina shati wala uzi. Nimejaribu hati, nimejaribu stakabadhi, nimejaribu kuliacha na kutaja sindano badala yake. Wenzangu wawili wa hapa Unguja, washairi, walishauri niweke waraka, kwa kuwa waraka kwetu ni neno la mapenzi. Lina utamu, lakini ni uongo: mke yule hakumshonea mumewe mapenzi, alimshonea kitu cha kumwonyesha askari. Mapenzi yalikuwa katika uzi. Mwishowe nimeiacha karatasi ilivyo, nami nimeuongezea ubeti mizani mbili za kushona.

Mwaka 2024 nilimpelekea. Sasa amepita tisini na hasikii ila kwa kuambiwa sikioni. Binti wa rafiki yangu alimsomea tafsiri yangu, mstari mmoja mmoja, kwa sauti kubwa, na majirani wakaja kusikiliza. Kwenye chumvi alinyosha kidole. Nilikuwa nimeandika jani la mgomba; alisema jani liwe kavu, bichi lingelowesha. Nimesahihisha. Kwenye karatasi hakusema neno, aliliomba lisomwe tena.

Hakuimba safari hii. Siku ya kuondoka alinishika mikono yote miwili, kama wanavyoshikana huko, kwa muda mrefu kuliko uvumilivu wa wapiga debe, kisha akaniagiza: nikija tena nimletee mkeka wa ukili, wa kulalia, wenye rangi nyekundu, kwa kuwa alipata kuuona mmoja ambao mumewe alirudi nao kutoka Tanga mwaka wa pili wa mkonge, ukaliwa na mchwa.

Mkeka nimeshausukisha Makunduchi. Anayebeba mkeka kwenye basi la masafa aukunje kwa urefu, aufunge kamba sehemu tatu, na asikubali utiwe kwenye buti chini ya magunia. Amwombe utingo mapema, kabla watu hawajajaa, ausimamishe nyuma ya kiti cha dereva. Nauli yake hujadiliwa hapo hapo, na aghalabu ni ndogo.